Nyumba Isiyo na Wakazi

"Ukihamia kwenye chumba cha bei nafuu, halafu ile nafuu yote ukaimalizia kwenye nauli, umepata nini?"

Mama aliniuliza hivyo bila kuinua macho. Mikono yake ilikuwa ndani ya beseni la dagaa, akitoa vijiwe vilivyochotwa pamoja nao huko visiwani walikoanikwa. Mimi nilikuwa nimerudi Mwanza na shahada ya sosholojia, sina kazi, na nilikuwa na neno la kusema juu ya karibu kila kitu. Juu ya hilo sikuwa nalo. Nikamwambia inategemea.

"Inategemea nini?"

"Mambo mengi."

"Basi chuo kimekufundisha," akasema, akaendelea kuchambua.

Tulikuwa tunakaa mlimani, juu ya Kirumba, kwenye nyumba ya vyumba vya kupanga iliyobanana kati ya mawe mawili makubwa kuliko yenyewe. Ukuta wa nyuma wa chumba chetu ulikuwa jiwe lenyewe. Mwenye nyumba hakuona sababu ya kununua tofali mahali ambapo Mungu alishajenga. Mama alinilea humo peke yake kwa kuuza dagaa. Kila siku alishuka mwaloni, kwenye soko la samaki la ufukweni, kwa miguu kabla hapajapambazuka, kwa sababu maboti ya visiwani yanafika alfajiri na anayefika wa kwanza ndiye anayechagua gunia. Anayechelewa anachukua yaliyobaki, dagaa waliovunjika au walionyeshewa wakiwa bado hawajakauka. Hao wanauzwa kwa chakula cha kuku, wala mtu hajengi maisha juu yao. Kwa hiyo mteremko ule kati ya mlango wetu na ziwa ndio uliokuwa ofisi ya mama, stoo yake na bima yake. Akiondolewa mlimani, kazi haimfuati.

Na sasa kulikuwa na habari kwamba ataondolewa.

Upande wetu wa mlima, kuanzia barabarani hadi usawa wa yale mawe, ulikuwa umepangiwa majengo ya ghorofa. Mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano katika darasa la shule ya msingi, tukakaa kwenye madawati ya watoto magoti yakigusa kidevu. Afisa mipango alikuwa kijana wa rika langu, amevaa kofia ngumu ya ujenzi ndani ya darasa, labda aliogopa dari. Alibandika ramani ubaoni akaeleza vizuri, nikiri hilo. Wenye nyumba watapewa fleti kulingana na eneo walilotoa. Zitakazobaki zitauzwa. Ila kuna sharti: kila nyumba yenye wakazi inapobomolewa, lazima vitengwe vyumba vya kodi nafuu kwa ajili ya wakazi wake. Halafu akaongeza jambo la barabara. Barabara ya chini imejaa, kituo ni kidogo, magari hayatoshi hata kwa watu waliopo, kwa hiyo idadi ya vyumba haiwezi kuzidi idadi ya watu waliohesabiwa.

Nilikuwa nikiitazama ramani. Nyumba nyingine zilipakwa kijani, nyingine njano. Yetu niliitambua kwa yale mawe mawili. Ilikuwa nyeupe.

Nikanyoosha mkono. "Samahani, nyeupe maana yake nini?"

"Nyeupe ni nyumba zisizo na wakazi."

Kisha jirani yetu wa chumba cha pili, fundi cherehani mwenye mdomo usiolala, akasimama.

"Afisa, kumbe mimi ni mzimu?"

"Mzee, sijasema hivyo."

"Nauliza tu, nijue. Maana suruali ya mwenyekiti hapo, aliyeipunguza ni mimi. Mwenyekiti, hebu simama watu waone kazi ya mizimu."

Watu walicheka hadi mwenyekiti mwenyewe akafunika uso. Afisa hakucheka. Alieleza kwamba vijana wake walipita nyumba kwa nyumba, wakauliza, na kwenye nyumba kadhaa wakajibiwa kwamba mwenyewe hayupo. Maelekezo yao yalitaka mtu wa kuisemea nyumba. Hawakumpata, wakaendelea.

Nikamgeukia mama. "Walikuja kwetu?"

"Walikuja."

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia mwenyewe yuko Sengerema."

"Lakini wewe ulikuwepo, mama."

"Mimi nilikuwa nafua."

Mtu asiyekulia mlimani ataona kichekesho. Mimi nilijua alichofanya, maana nilifundishwa hivyo hivyo nikiwa mdogo. Kwetu mpangaji hasemei nyumba. Akija mtu wa maji, wa kodi, wa kanisa, yeyote mwenye mkoba na kalamu, unamsalimia, unamwambia mwenyewe hayupo, unarudi kwenye shughuli yako. Ni adabu, na pia ni kinga. Mpangaji anayejibu maswali ya nyumba leo, kesho ataambiwa anajifanya mwenye nyumba, na keshokutwa godoro lake liko nje. Wapangaji wa nyumba zote nyeupe walikuwa wamejibu kwa adabu ileile, kila mmoja kwa wakati wake, bila kushauriana. Kwa adabu hiyo tukafutika.

"Sasa sisi tuende wapi?" mwanamke mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Kisesa, huko nje ya mji, kuna vyumba vya bei nafuu kabisa," afisa akasema. "Na magari yapo."

Mimi nina tabia ambayo walimu wangu waliisifu na ndugu zangu wanaichukia: nikiambiwa kitu kipo, naenda kukitazama. Wiki hiyo nikaenda Kisesa nikalala kwa rafiki niliyesoma naye sekondari. Vyumba vilikuwepo kweli, vipana, vina dari na sakafu laini, kodi chini ya yetu. Nikaanza kumwona mama humo ndani, kitanda hapa, kabati pale, na nikaona aibu kwa kupapenda. Alfajiri nikatoka kwenda kituoni, saa ambayo mama huwa anafunga kilemba chake ateremke.

Kituo hakikuwa na gari hata moja. Kulikuwa na mama wa uji na taa yake ya chaji, na wanawake watatu wenye ndoo wakiwa wamekaa juu ya ndoo zao.

"Gari la kwanza linatoka saa ngapi?" nikauliza.

"Likifika," mmoja akanijibu.

"Likifika kutoka wapi?"

"Mjini. Kwani unadhani yanalala wapi?"

Sikuwa nimefikiria magari yanalala wapi. Wenye magari wanakaa mjini, madereva wanakaa karibu na wenye magari, kwa hiyo gari la kwanza linaanza kwa kuja, likiwa tupu, taratibu, likitafuta abiria wa njiani, ndipo ligeuze. Lilifika kukiwa kumeshapambazuka. Konda akashuka, akanunua uji, akakaa.

"Kaka, hatuendi?" nikamwuliza.

"Tunaenda. Nyie wangapi?"

"Wanne."

"Wanne!" Akapuliza uji wake. "Dada yangu, wanne nawapeleka mjini, mafuta namwambia bosi yamekwenda wapi? Kaa, watakuja."

Mmoja wa wale wanawake akacheka. "Huyu mgeni. Muache alie, kesho atazoea."

Nilifika mwaloni jua likiwa limechomoza na magunia mazuri yameshapakiwa kwenye malori. Mama alikuwa ameshamaliza, anakunywa chai kwenye kibanda. Nikamweleza yote: chumba, dari, ndoo, konda na uji wake. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo magari yapo," akasema.

"Yapo. Asubuhi hayapo."

"Hilo ungeniuliza mimi. Wenzangu wawili walihamia huko. Unawaona hapa?"

Siku hiyo ndipo hasira yangu ilipopata kazi ya kufanya. Kilichoniudhi si ukatili, maana sikuona mtu katili. Niliudhiwa na hesabu iliyofanywa nusu. Walisema hatuwezi kubaki kwa sababu barabara imejaa. Lakini sisi tulikuwa hatuko barabarani! Mama, fundi, akina mama wa mwaloni, wapagazi, wote walishuka mlima kwa miguu yao. Ukimpeleka mtu huyo Kisesa, hujaipunguzia barabara mzigo. Umemchukua mtembea kwa miguu ukamfanya abiria, alfajiri na jioni, siku zote za maisha yake.

Nikaenda ofisini kwa afisa. Alinisikiliza, akavua kofia, akakuna kichwa.

"Hoja yako ina maana," akasema. "Lakini siwezi kumtengea vyumba mtu ambaye kwenye ramani hayupo. Kutakuwa na mkutano mwingine wa kusahihisha. Waje waseme wenyewe kwamba wanakaa pale. Wakinyamaza tena, nifanyeje?"

Nilipanda mlima nikidhani kazi imekwisha. Jioni nikawakusanya wapangaji wa nyumba yetu uani, kwenye kamba za nguo, nikawaeleza. Nilidhani watafurahi.

"Mimi siwezi," fundi akasema, na safari hii hakuwa anatania. "Bibi mwenye nyumba akisikia nimesimama mbele ya serikali kujitangaza kwenye nyumba yake, kesho cherehani yangu inashona juu ya jiwe."

"Hujitangazi. Unasema tu unapolala."

"Ndiyo hilohilo."

Wengine wakakubaliana naye. Nikamtazama mama nikitegemea msaada.

"Nyumba ni yake," mama akasema. "Kwanza aambiwe."

"Nimwombe ruhusa ya kusema ninapolala?"

"Ndiyo."

"Mama, hiyo siyo haki wala sheria."

"Sijasema ni sheria. Nimesema aambiwe." Akainuka akaanua nguo. "Tena usiende mikono mitupu."

Kwa hiyo nikavuka kwenda Sengerema na mfuko wa dagaa wa gunia la kwanza. Kwenye kivuko nilisimama ukingoni nikipanga hotuba. Mji ulivyorudi nyuma, mlima wetu ulionekana wote kwa pamoja, mabati na mawe, mabati na mawe, hata usiweze kusema nyumba ipi ya nani.

Mwenye nyumba wetu alikuwa mjane aliyekaribia uzee, mnene, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe. Nilimjua tangu utotoni kwa safari zake za kuja kutazama bati. Nilimkuta akigeuza makopa ya muhogo juu ya turubai.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani huyu?"

"Mtoto wa mpangaji wako wa Mwanza. Chumba cha jiwe."

"Yule wa dagaa?"

"Ndiyo, bibi."

"Dagaa wako wapi?"

Nikampa. Akafungua mfuko, akanusa, akatafuna mmoja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mama yako hadanganyi. Haya, sema."

Nikaanza na mpango wa jiji, nikaingia kwenye ustahimilivu wa miundombinu na ushirikishwaji wa makundi. Akaniinulia kiganja.

"Anza tena. Safari hii sema kama unaongea na mtu."

Nikamwambia: kwenye ramani nyumba yako haina watu. Sisi tumo. Tukikaa kimya tutahamishwa, na mama hataweza kufika mwaloni. Tunataka kusimama tuseme tunakaa kwako.

"Ukishasema unakaa kwangu, utaanza kusema ni kwako?"

"Hapana."

"Wote huwa wanasema hapana." Akageuza kipande cha muhogo. "Mama yako amesemaje?"

"Amesema nyumba ni yako, uambiwe kwanza."

"Na wewe ulisemaje?"

Nikafikiria kudanganya. "Nilisema siyo sheria."

Akacheka, mabega yakatikisika. "Wewe ungepita pembeni. Umefanana na marehemu mume wangu, naye alikuwa mbishi hivyohivyo, kila kitu kwa nini, kwa nini. Mpaka mganga alimkataa." Akapangusa mikono. "Ngoja nikuulize na mimi. Na nikikataa?"

"Nitasema hivyohivyo, bibi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Akafunga mfuko wa dagaa. "Wahi kivuko," akasema. "Msalimie mama yako."

Hilo ndilo jibu nililorudi nalo. Mama alipouliza amesemaje, nikasema amekusalimu. Hatukulijadili tena, ila sikukaa bure. Siku zilizobaki nilipita kwenye nyumba zote nyeupe za upande wetu, mlango kwa mlango, nikipewa maji ya kunywa, nikiombwa kazi, nikiulizwa kama nagombea udiwani. Nyumba moja wapangaji walishampigia simu mwenye nyumba wao naye akaruhusu. Nyingine walinisikiliza kwa heshima, wakaniambia mwenyewe hayupo. Nilitamani kupiga kelele. Nikasema asante, nikaenda mlango unaofuata. Nilikuwa nimeshaamua kwamba mkutano ule hautakwisha bila mtu kusema kwa sauti kwamba nyumba ile ina watu, hata kama mtu huyo ni mimi tu na darasa zima linanicheka.

Siku yenyewe darasa lilijaa mpaka madirishani. Mwenyekiti alikuwa anafungua mkutano tuliposikia ugomvi nje. Mwanamke alikuwa anambishia dereva wa bodaboda kwamba hawezi kumshusha chini ya mlima halafu amwambie amemfikisha mlimani. Sauti ile niliijua. Mwenye nyumba wetu akaingia na kitenge chake kizuri na miwani ya jua, akihema, akapita katikati ya madawati kama anayepita kwenye shamba lake. Fundi cherehani akainama kufunga kamba za kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

Hakusubiri kupewa nafasi.

"Nyumba yangu ipi hapo?"

Afisa akaionyesha.

"Nani kasema haina watu? Nyumba yangu imejaa. Asiyekaa pale ni mimi." Akawageukia wapangaji wake. "Semeni. Mnangoja nini? Mkiwa mnagombania maji mna midomo."

Mama ndiye aliyesimama wa kwanza. Sikuwahi kumwona akisimama mbele ya mkutano. Hata kwenye jumuiya alikuwa anaimba akiwa amekaa. Alishika dawati kwa mikono yote miwili.

"Mimi nakaa chumba cha jiwe," akasema. "Nimemlea mtoto humo. Naenda kazini kwa miguu."

Akakaa. Kisha fundi, kisha jirani wa chumba cha mwisho na watoto wake, kisha, jambo ambalo sikulitegemea, watu wa nyumba nyingine ambao walikuwa wameniambia mwenyewe hayupo. Kila mmoja alitaja chumba chake kwa alama yake: chenye mlango wa bluu, cha karibu na choo, cha juu penye mpapai. Afisa alikuwa anapaka ramani kwa kalamu ya rangi, akiomba wapunguze mwendo.

Walipomaliza nikasimama na mimi, nikasema la barabara. Nilisema bila maneno ya chuo. Hawa wote wanashuka kwa miguu. Mkiwapeleka Kisesa mnawapandisha kwenye magari ambayo mmesema hayatoshi. Kama barabara ndiyo mnayoihurumia, basi waacheni karibu na kazi zao. Mwenyekiti aliomba nirudie ili mwandishi wake anukuu. Nikarudia. Yule kijana mwenye kofia alinitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba alikuwa anataka tushinde.

Haikuwa shwari baada ya hapo. Ujenzi ulisimama, ukaendelea, ukasimama tena. Tulikaa muda kwa shangazi, mtaa wa Pasiansi, mama akiamka mapema zaidi na kutembea mbali zaidi bila kukosa siku hata moja. Baadhi ya wapangaji walichoka kusubiri wakaondoka kwenda Igoma, Butimba, wengine kijijini. Lakini sharti liliandikwa na likasimama, na siku mama alipopewa ufunguo alifungua mlango, akakagua kuta zote nne, akagonga ule wa nyuma kwa kidole, akasema hii sasa ni tofali. Ni chumba na jiko dogo, chini kabisa, karibu na barabara. Alfajiri bado anashuka kwa miguu, na safari yake imekuwa fupi kuliko zamani.

Mimi nimeendelea na kazi hiyo, kwa malipo madogo na mara nyingine bila malipo, kwenye milima mingine ambako ramani mpya zinabandikwa. Nikifika mahali naanza na wenye nyumba, hata walioko ng'ambo ya ziwa. Na nikifika kwenye mlango nikaambiwa mwenyewe hayupo, naomba kigoda nikae.

Mwaka jana nilikwenda Sengerema tena, nikapokewa na binti wa mwenye nyumba wetu. Tulikuwa tunachambua maharage, tukizungumza habari za mama zetu, akaniambia jambo akidhani nalijua. Katika mpango wa kwanza, mama yake alikuwa apewe fleti mbili, moja ya kupangisha na moja ya kuhamia mwenyewe azeekee mjini. Vyumba vya sharti, vile vya kodi nafuu, vilikatwa kutoka kwenye fungu la mwenye nyumba ambaye wapangaji wake wamehesabiwa. Afisa alimweleza mama yake hayo asubuhi ya mkutano ule wa kusahihisha, alipopita ofisini kabla ya kuja darasani. Chumba anacholala mama yangu ni kipande cha fleti ya pili.